Saga Iliyokauka Chuoni

Sisi tuliachiwa saga. Baba alikufa kwanza, mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha, na katika ile nyumba ya kupanga kule Kibomet, Kitale, hakikubaki kitu ambacho ndugu za baba waliona kinafaa kugombaniwa. Redio ilienda. Baiskeli ilienda. Kopo la majani chai lililokuwa juu ya kabati, ndani yake mbegu za saga zimefungwa kwa kitambaa, halikuguswa na mtu.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Nilirudi nyumbani kwa mazishi, na hiyo ndiyo ikawa kwaheri yangu na shule. Dada anayenifuata alikuwa shule ya msingi, na kitinda mimba wetu alikuwa bado ananyonya. Nilisema mbele ya wajomba, waliokuwa wakitugawa kama vifaranga, kwamba hatugawanyiki. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hilo neno tu, na nikishalisema ilinibidi nilitimize.

Nilifanya vibarua vyote vinavyopatikana mtaani: kupalilia mahindi ya watu, kuchimba misingi ya nyumba, kupakia magunia kwenye malori wakati wa mavuno. Nyuma ya chumba chetu kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho mwenye ploti alikuwa hajakijenga. Alitukubalia tulime. Hapo ndipo nilipofungua kopo la mama.

Saga, ambayo wengine huiita mgagani, ni mboga chungu. Ya mama ni chungu zaidi. Ina shina la zambarau, majani madogo, na ukali wa kukufanya ufumbe jicho moja. Ile ya paketi inayouzwa siku hizi ina majani mapana na makali yake yamepunguzwa. Sina ugomvi nayo, nimeinunua na nimeila. Lakini kitinda mimba wetu hamkumbuki mama, si sura wala sauti, na hatuna hata picha moja ambayo uso wa mama unaonekana vizuri. Kitu cha pekee kilichotoka mkononi mwa mama ambacho mtoto yule amewahi kukionja ni hiyo saga. Kwa hivyo kila msimu nilihakikisha haipotei.

Majirani walinicheka. Jioni wanawake wa ploti yetu waliketi barazani kuchambua mboga, nami nilikuja na sufuria yangu nikaketi nao, kijana mwenye ndevu zinazoanza kuota, nikichambua jani kwa jani. Mmoja wao hakuchoka kusema, "Ukioa, bibi yako atakuja tu kuketi kama mgeni." Mwingine akamjibu kwamba bibi gani atakubali kuolewa na mwanamume anayejua sufuria kuliko yeye. Lakini ni hao hao walionifundisha kumimina maziwa kwenye saga, kuilaza, kuirudisha motoni kesho yake, kumimina tena, mpaka uchungu uwe umekubaliana na maziwa. Mboga hiyo hailiwi siku inayochumwa. Inataka kulala kwenye chungu.

Kazi ya mbegu niliifanya peke yangu, mchana, dada zangu wakiwa shuleni. Niliacha miche bora bila kuichuma, ikatoa maua, ikatoa maganda marefu membamba kama vidole, na yakishaanza manjano nikayakata asubuhi kabla jua halijayapasua. Wao wakirudi walikuta meza imepanguswa na chakula kimefunikwa. Nilitaka wafungue vitabu tu.

Anayenifuata aliolewa Misikhu, ana kibanda sokoni na ulimi unaojulikana soko zima. Kitinda mimba alipata nafasi katika chuo kimoja nje kidogo ya mji wa Bungoma, asomee ualimu. Siku nilipomsindikiza na sanduku lake nilitembea nyuma yake kwenye ile njia ya kutoka langoni, nikatazama majengo, nyasi zilizokatwa, wanafunzi wanaosalimiana kwa kugonganisha ngumi, nikafikiri: hapa sasa ndipo mahali ambapo hatanihitaji.

Haikuchukua muda akaanza kunisimulia juu ya chama chao. Kulikuwa na wanafunzi na walimu wachache waliochoka kula sukuma inayonuka dawa. Waliomba ardhi nyuma ya mabweni, wakaanza kilimo hai: bila mbolea ya dukani, bila dawa ya kupuliza, wadudu wakifukuzwa kwa jivu na maji ya pilipili. Kila mtu alibeba sahani yake na kikombe chake, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na maganda yote ya jikoni yalipelekwa kwenye mboji. Wenzao waliwaita "watu wa majani". Mwenyekiti wao, kijana mrefu aliyezaliwa na kukulia Nairobi, hakuwa amewahi kushika jembe kabla ya kuja Bungoma, na sasa alikuwa akihubiri juu ya minyungunyungu kuliko mchungaji anavyohubiri juu ya wokovu.

Mwaka huo mambo mawili yalinifika Kitale. Kwanza mvua ya mawe ilipiga saga yangu ikiwa katika maua, ikailaza chini, na kwenye kopo zikabaki mbegu za kujaza kiganja tu, tena za misimu iliyopita. Mbegu ya saga ikizeeka inakuwa na uvivu wa kuota. Kisha mwenye ploti akaleta mawe na kokoto. Alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha. Sikumlaumu, ardhi ni yake. Nilipomsimulia dada yangu kwa simu, alisema kana kwamba ni jambo dogo kabisa, "Si ulete hapa kwetu? Tuko na shamba mpaka linatushinda."

Nikaenda Bungoma Jumamosi moja na kopo langu. Walinipokea vizuri ajabu. Nilikuwa nimezoea kuingia kwenye majengo ya watu nikiwa kibarua, nikielekezwa palipo na koleo. Hawa waliniletea kiti. Mwenyekiti alinisalimu, "Niaje, Uncle," halafu akakumbuka adabu akanishika mkono kwa mikono miwili. Mwalimu wa kilimo, mtu mfupi mwenye kofia ya turubai ambayo nadhani analala nayo, alinipeleka moja kwa moja kwenye mboji yake. Alichomeka chuma katikati ya lundo, akangoja, akachomoa na kuniambia nikiguse. Kilikuwa cha moto kama kikombe cha chai. Maisha yangu yote nilikuwa nikichoma takataka za nyumbani kwa kiberiti, sikujua kwamba zinaweza kujichemsha zenyewe zikawa udongo. Tangu siku hiyo nina lundo langu dogo Kibomet, ndani ya tairi kuukuu, na nyanya zangu za kwenye ndoo zinamshukuru mwalimu yule.

Tulipanda mbegu zote. Mstari wa kandokando ya ua nilimwonyesha dada yangu, nikamwambia huo ni wa mbegu, usichumwe hata jani. Mingine chumeni mle. Akaitikia, "Sawa, Kaka." Niliona amenielewa.

Mvua ilikuwa njema na mistari ikaota, haba hapa na pale, lakini ikaota. Nilikwenda tena mavuno ya kwanza yalipokuwa tayari. Wanachama walikuwa na hamu, wakaipika saga siku ile ile, na mwenyekiti akaijaza mdomoni mbele ya watu. Hakuitema. Alitafuna huku machozi yakimtoka, wenzake wamekufa kwa kicheko, wakimwambia ameze basi, si alisema chakula halisi kina ladha halisi. Mpishi mkuu wa chuo, mama mmoja wa papo hapo Bungoma, alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Aliichukua sufuria bila kuuliza.

"Hii haitaki halaka, wanangu," alisema. "Mtaiacha kwangu. Itarala, harafu mtaona."

Ilipoletwa siku ya tatu nilikuwa nimesharudi Kitale, lakini dada yangu alinipigia akiwa na chakula mdomoni. Alisema ni kama ya nyumbani. Kisha akasema, polepole, kwamba alimsikia mwanafunzi mmoja akiuliza ni saga ya wapi, naye akajibu bila kufikiri: ya mama yangu. Alisema hakuwahi kutamka maneno hayo mawili ya mwisho kwa mtu asiye wa nyumbani kwetu. Nilikuwa juu ya jukwaa la mafundi, nikashuka kwanza.

Lakini tayari palikuwa pameanza kosa ambalo hakuna aliyeliona. Mimi nilikuwa nahesabu miezi kwa hesabu ya Kitale. Kwetu kuna baridi, saga inachelewa kukauka, na nilijiambia nitakwenda Bungoma kukata maganda baada ya kazi yangu kwenye vyumba vya mwenye ploti kwisha. Bungoma ni joto. Kule kila kitu kinakimbia.

Dada yangu alinipigia mchana mmoja nikiwa nimepumzika kando ya rundo la matofali. Aliuliza hali yangu, akauliza hali ya Kitale, akauliza kama nimekula. Nikajua kuna jambo.

"Sema," nilimwambia.

"Kaka, saga ilikufa."

"Ilikufaje?"

"Ile ya kwa ua. Ilianza tu kuwa manjano. Majani ikaanguka. Nikaimwagilia maji kila jioni, nikabeba na mtungi, wapi. Ikakauka yote, mpaka zile vitu zake ndefu ndefu."

"Zile vitu ndefu."

"Eeh. Zikawa ukiguza tu zinapasuka. Nikajua ni ugonjwa."

Niliketi juu ya matofali. Nikamwuliza aliiweka wapi.

"Niling'oa nikatia kwa mboji, ndiyo isiambukize sukuma. Ni kitambo. Nilishindwa kukuambia, nilijua utaona sikuitunza." Sauti yake ilikuwa imeanza kupotea. "Na niliitunza, Kaka. Uliza hata mwenyekiti."

"Haikufa," nilimwambia. "Ilikuwa imeiva."

Ndipo nilipoelewa jinsi nyumba yetu ilivyokuwa. Mtoto huyu alikuwa ameila saga hiyo tangu alipoota meno, angeweza kuitambua kwa harufu tu kutoka nje ya mlango, lakini hakuwahi kuiona ikizeeka. Kila ilipokauka yeye alikuwa darasani. Alijua ya kijani na ya kwenye sahani. Kwake yeye kitu kilichokauka kilikuwa kimekufa, na katika nyumba ya yatima mtu hujifunza kutosimulia vifo kwa haraka.

Siku ya pili yake nilikuwa chuoni. Nilikuwa na matumaini ya kulipekua lundo, maana mbegu ya saga ni ngumu, ndogo na nyeusi kama baruti, na nimewahi kuiona ikichipua mahali ng'ombe walipolala miaka iliyopita. Lakini mboji haikuwapo. Wiki chache kabla, chuo kilikuwa na wageni kutoka vyuo vingine waliokuja kuona kazi ya chama, na mboji yote iliyokuwa imeiva ilitolewa kupendezesha mazingira. Ilimwagwa kwenye maua ya mbele ya ofisi, kwenye miti michanga ya njia ya langoni, kando ya tangi la maji, nyuma ya bwalo. Mahali pa lundo palikuwa na duara jeusi tu.

Mwalimu wa kilimo alipoelezwa alivua kofia. Hakutaka kunidanganya. Alisema lundo lile liligeuzwa mara kadhaa na lilishika moto sawasawa, na kazi ya moto huo ni kuua mbegu za kwekwe ndiyo mboji isisambaze magugu. Moto haujui kwekwe wala saga. Alilisema kwa huzuni, kama mtu anayesikitikia kazi yake mwenyewe kwa kuwa ilifanyika vizuri.

Dada yangu alipiga magoti kwenye lile duara akaanza kuchimbua kwa vidole. Mwenyekiti naye akapiga magoti. Wakapepeta udongo kwa viganja, na nilipowasogelea walikuwa wamepata ganda moja, limepasuka, halina kitu.

"Sasa mama nimemmaliza mimi," alisema.

Nilimwambia anawe mikono, ana mtihani Jumatatu.

Nilipofika nyumbani nilimpigia dada wa Misikhu, nikitumaini labda alipoolewa alibeba mbegu kidogo. Hakubeba. Anauza saga ya paketi kama sokoni kote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umemlea huyo mtoto mpaka akajua kila kitu isipokuwa kuzeeka," kisha akacheka sana, kisha nikasikia hacheki tena. Niliwauliza majirani wa zamani wa Kibomet. Wengi walishahama, na waliobaki walinitajia duka.

Nilijizoeza. Mtu aliyelea watoto wawili kwa vibarua anajua kuweka jambo kando na kuamka kesho. Kilichonisumbua ni kwamba kitinda mimba aliacha kwenda shambani. Alinipigia kama kawaida, akanieleza ya masomo, lakini ya chama hakuyataja. Mwenyekiti ndiye aliyeniambia kwamba alikuwa amewarudishia jembe lao na sahani yake alikuwa akila nayo peke yake bwenini. Nilimwomba kijana yule asimsukume. Akasema, "Hatumsukumi, Uncle. Tunampitia tu kila siku tukimwambia sukuma inamsalimia."

Kiangazi kikapita. Mwaka mpya ukaingia na mvua zikaanza tena.

"Kaka, kuja," alisema siku hiyo, bila hata salamu.

"Kuna nini?"

"We kuja tu. Kuja kabla ya Ijumaa."

Ijumaa, chuoni kwao, ni siku ya usafi. Nilimwomba fundi wangu ruhusa nikaenda. Alinipokea langoni, akanishika mkono wa shati kama alivyofanya akiwa mdogo. Alinionyesha kwa kidole mti mchanga wa kwanza wa ile njia. Chini yake, katikati ya udongo mweusi, kulikuwa na miche. Nikachuchumaa. Shina lilikuwa la zambarau.

Mti wa pili ulikuwa nayo pia. Wa tatu haukuwa nayo, wa nne ulikuwa nayo. Tulizunguka chuo kizima mimi na yeye, tumeinama kama watu waliopoteza pini. Ilikuwa kando ya tangi, imebanana. Ilikuwa nyuma ya bwalo, mpishi mkuu ameshaijengea uzio wa vijiti. Mwalimu wa kilimo alikuja anakimbia, kofia mkononi, akisema moto wake umemdhalilisha mbele ya wanafunzi na hajawahi kufurahi hivyo. Alifikiri ni maganda yaliyokuwa pembeni mwa lundo, ambako joto halikufika, au labda mbegu zilikuwa zimelala usingizi wao mzito zikangoja mvua. Mimi sikuwa na haja ya sababu.

Lakini iliyo nyingi kuliko zote, iliyonenepa kuliko zote, ilikuwa imeota kwenye maua ya mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo, kati ya waridi zake na mawe yake yaliyopakwa chokaa. Na mtunza maua alikuwa ameshapewa amri ya kung'oa kila kisicho waridi. Upande mmoja alishaupitia. Kuihamisha tusingeweza, saga ikihamishwa hununa ikafa. Na kwingine kote, njiani na kwenye tangi, mafyekeo ya Ijumaa yangepita kabla haijafika magotini. Mkuu asipokubali, mbegu zilikuwa zinakwisha tena.

Nilitaka kwenda kuomba mimi. Nimeomba mengi katika maisha haya, najua jinsi ya kusimama. Dada yangu akaniambia nisubiri pale pale kwenye waridi, akaingia ofisini mwenyewe. Alitoka na mkuu wa chuo, mama mrefu mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Wanafunzi waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo.

Mkuu aliinama akatazama. "Hii ni kwekwe ama ni mboga?"

"Ni mboga, Madam. Ni ya mama yetu."

"Mama yenu ndiye aliyeipanda kwa maua yangu?"

Wanafunzi wakacheka. Dada yangu hakucheka wala hakuangalia chini.

"Mama yetu alifariki, Madam, nikiwa mtoto. Mbegu zake zilikuwa kwa huyu kaka yangu. Mimi nikazitupa kwa mboji nikidhani zimekufa, na mboji ikaletwa hapa."

Kicheko kilikuwa kimeisha. Mkuu alivaa miwani yake.

"Mnataka nini?"

"Ikae. Isikatwe mpaka ikauke."

"Ikauke hapa, mbele ya ofisi? Wageni watasema nini?"

"Watasema imekauka, Madam. Ikikauka ndiyo inatoa mbegu, na isipokauka hakuna. Wakiuliza, nitakuja kuwaeleza mimi."

Mkuu alinitazama, nami nikavua kofia. Aliuliza kama ni mimi niliyeiweka miaka yote hiyo. Nikasema ndiyo. Akamwita mtunza maua, akamwambia atafute vijiti vya kuifungia isije ikalalia waridi zake. Halafu akamgeukia dada yangu na kusema kwamba siku ya kuila, ofisi isisahauliwe, na yeye haitaki ya siku moja, anaitaka iliyolala. Alirudi ndani. Alama za viatu vyake zilibaki kwenye udongo, karibu kabisa na miche, hakukanyaga hata mmoja.

Ijumaa hiyo wanachama waligawana maeneo wakasimama mbele ya kila fungu la saga wakati wenzao wakifyeka. Nasikia mwenyekiti alisimama kwenye tangi mikono kiunoni, akiwaambia wenye mafyekeo, "Zunguka, bana. Kuna mtu anakaa hapa."

Safari hii sikuhesabu miezi ya Kitale. Sikuhesabu kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa akinipigia: sasa imetoa maua, sasa maganda yametokea, sasa ya chini yameanza manjano lakini ya juu bado. Alinitumia maswali ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu. Je, ukikuta mche mmoja una maganda mazuri lakini shina ni la kijani, unaweka? Nilimwambia mimi huwa siuweki, sijui kwa nini, mama alikuwa hauweki. Akasema basi hatauweka.

Nilipofika siku ya kuvuna, jua lilikuwa limeshapanda na kazi ilikuwa imekwisha bila mimi. Maganda yalikuwa yametandazwa kwenye gunia kivulini nyuma ya bwalo. Alikuwa ameyakata asubuhi, yeye na wenzake, umande ukiwa bado. Sasa alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa, anayafikicha kwa viganja na kupeperusha makapi kwa pumzi, na mbegu zikibaki nyeusi kwenye ungo. Nilichuchumaa nikanyoosha mkono kusaidia. Aliusogeza ungo pembeni kwa upole.

Alikuwa na vipande vya kitambaa tayari, ameshakata. Kimoja cha dada wa Misikhu, pamoja na onyo kwamba si za kuuza. Kimoja cha mpishi mkuu. Kimoja cha mwalimu wa kilimo. Kimoja cha mkuu wa chuo, ambaye alikuwa ameomba kwa kumtuma karani. Kimoja cha mwenyekiti, azipande kwao Nairobi kwenye veranda ya ghorofa, na wote walikuwa wakimcheka kwa hilo. Alivifunga kimoja kimoja. Fungu kubwa lililobaki alilifunga mwisho, nami nikaanza kulitafutia nafasi mfukoni mwa koti.

"Hilo ni langu, Kaka," alisema.

Nikamwuliza la kwangu liko wapi.

"Wewe utapanda wapi? Kwa ndoo ya nyanya?" Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa akiuliza kama mtu mzima anavyomwuliza mtu mzima. "Umeziweka toka nikiwa sijui kutembea. Acha nami niziweke. Ukipata shamba, utakuja kuniomba."

Mpishi mkuu alikuwa ametoka na sahani, ameifunika kwa sahani nyingine, saga ya siku tatu na ugali wa wimbi. Alitafuta wa kumpa. Dada yangu alimwonyesha mimi kwa kidevu, akavuta kigoda kilichokuwa karibu naye akakipangusa kwa mkono.

"Keti ule," aliniambia.

Nikaketi.